Kisiwa Kilichokuwa Uani

Kiwiko changu cha kushoto kimestaafu pamoja nami. Wazee niliowaongoza walikishika hicho, miaka nenda miaka rudi, na hadi leo mtu akinigusa hapo sokoni Kitui, miguu hupunguza mwendo yenyewe na macho hutazama chini kutafuta ngazi. Nimerudi nyumbani nikiwa nimechoka, na uchovu huu si wa kuondoka kwa usingizi. Lakini nyinyi mlioshika kazi niliyoiacha mnanipigia simu: mzee amekataa kula, nifanyeje, bibi analia kila jioni, nimwambie nini. Nimeona afadhali niandike mara moja, msome kwa zamu. Mishahara sitaitaja, mnaijua. Vyeo navyo kazi yetu haina. Unaingia ukiitwa "wewe," unatoka ukiitwa "wewe," na ukijaliwa, hapo katikati utaitwa kwa jina lako.

Dubai ilinipokea na ufagio. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Basi la kampuni lilitutoa kambini Muhaisnah alfajiri, likatushusha kwenye majengo ambayo hayakuwa na milango bado, tukafagia vumbi la saruji hadi likatuingia kwenye nyusi. Nilifagia mji ambao ulikuwa haujazaliwa. Nilipoona nimeanza kukohoa kama baba yangu, nikajua lazima nitafute kazi nyingine au nitafute jeneza.

Aliyenitoa hapo ni Nakato, Mganda, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu na ulimi mkali. Tulisali pamoja Ijumaa, kwa sababu huko Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Alikuwa ameongoza vipofu na wazee kwa miaka mingi, na sasa magoti yalikuwa yanamrudisha Masaka. Alitaka kumwachia mtu nafasi yake. Alikaa Al Baraha, chumba kimoja katika jengo kuukuu, na mafunzo yangu yote yalifanyika kwenye ngazi za jengo hilo.

Siku ya kwanza alinifunga leso machoni, akanishika mkono na kunivuta tushuke. Nilipiga kelele hadi majirani wakafungua milango.

"Umeona?" akasema. "Hivyo ndivyo watu wote wanawavuta vipofu. Umemfanya gunia. Sasa shika kiwiko changu wewe mwenyewe. Juu kidogo. Mimi natangulia nusu hatua, mwili wangu unakuambia kabla mdomo haujakuambia."

Tulishuka, tukapanda, tukaenda dukani kununua vitunguu, nikiwa gizani. Akanifundisha mengine ambayo yanaonekana madogo hadi siku utakayoyasahau. Ukiingia chumbani, jitaje. Ukitoka, sema unatoka, usimwache mtu akizungumza na hewa. Kiti usikisogeze, hata kama hujapenda kilipo. Nyumba ya kipofu imechorwa kichwani mwake, na wewe huna kifutio.

Na siku ya mwisho, akifunga begi, akaniambia: "Mwende, usimdanganye unayemwongoza hata kwa jiwe moja. Ukimwambia njia ni safi na si safi, mkono wake utabaki kwenye kiwiko chako, lakini yeye mwenyewe atakuwa ameshaondoka."

Nikadhani ni maneno ya kuagana.

Mzee aliyeniachia aliitwa Maalim Nassor. Alikuwa Mzanzibari wa zile familia za zamani za huko, mtu aliyetoka Unguja akiwa kijana, akasoma Misri, kisha akafundisha historia Ghuba nzima hadi macho yakamzimika. Aliishi na binti yake, Bi Zuwena, katika nyumba yenye ua mpana Al Twar. Bi Zuwena nilimwita madam, kama kawaida. Baba yake alikataa kuitwa sir. "Sir ni mtu wa benki," alisema. "Mimi niite Maalim."

Nilipojitambulisha aligeuza sikio upande wangu. "Mkenya?"

"Ndiyo, Maalim."

"Bara?"

"Kitui."

"Mola wangu. Mimi n'takufa kwa lugha kabla ya maradhi."

Siku ile ile nikamuunguza mdomo. Kozi fupi niliyopelekwa na wakala ilitufundisha kumwonyesha kipofu chakula kwa uso wa saa: nyama kwenye namba tatu, mboga kwenye namba tisa. Nikaweka sahani, nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Samaki yuko saa tatu, Maalim." Nilimaanisha kulia. Yeye akapeleka mkono kushoto, pale mshale unapokaa saa tatu za asubuhi kwa Mswahili yeyote mwenye akili zake, akachota achari ya pilipili kijiko kizima.

Alipopata pumzi akauliza, "Saa tatu ya wapi hiyo? Ya Waingereza?"

Tukakubaliana tutumie saa ya kwetu. Bi Zuwena, aliyekulia kwenye shule za huko Ghuba, aliendelea na saa yake, kwa hiyo Maalim alilazimika kujua kwanza nani anasema ndipo ajue samaki yuko wapi. Alisema hiyo ndiyo historia ya dunia kwa ufupi.

Sasa niseme habari ya ua, maana kazi yangu kwake ilikuwa hiyo zaidi ya nyingine zote.

Kila baada ya Alasiri, jua likishapungua, Maalim alichukua mkongojo wake, akashika kiwiko changu, tukazunguka ua. Lakini hatukuwa Al Twar. Tulikuwa Failaka, kisiwa kilicho mbele ya Kuwait, ambako alifundisha akiwa kijana aliyeoa juzi. Bomba la maji lililokuwa pembeni ndilo gati. Tangi ndilo shule. Kamba ya nguo ilikuwa duka la mikate, na akifika hapo alivuta hewa na kumsalimia mwokaji. Na mwisho wa ukuta kulikuwa na viti viwili vya plastiki. Hapo ndipo palipokuwa na mji wa Wayunani.

"Wayunani wale wa kwenye Biblia yako," aliniambia. "Walifika mpaka huku kwenye maji yetu, wakajenga mji kisiwani, na ngome, na hekalu. Wakati wangu walikuja wazungu wakauchimbua. Mimi nikawapeleka wanafunzi wangu wakaone."

Kilichobaki mbele ya hekalu, alisema, ni vitako viwili vya nguzo. Jioni yeye na mkewe walitembea kutoka kijijini wakakaa, kila mtu na kitako chake, wakala mkate. Mkewe alifariki kabla sijaja. Basi tukifika kwenye viti vya plastiki yeye anakaa kimoja, na mimi nasimama. Kile cha pili sikukikalia hata siku moja. Hakunikataza.

Matembezi hayo ndiyo yaliyokuwa yakimwinua kitandani. Asubuhi alikuwa mzee mgonjwa anayegombana na uji. Alasiri alikuwa na mahali pa kwenda.

Mara kwa mara alimuuliza binti yake, "Watu wa kisiwani walirudi baada ya vita vya Kuwait?" Na Bi Zuwena, bila kuinua macho kwenye simu, hujibu, "Walirudi, Baba. Hata duka la mikate limefunguliwa." Niliamini. Kwa nini nisiamini?

Kisha ikaja harusi ya jamaa yao Kuwait. Tukaenda wote, mimi na begi la dawa. Harusi ilipokwisha, Maalim akatangaza kuwa anataka kuvuka kwenda Failaka.

"Baba, joto," Bi Zuwena akasema. "Baba, moyo wako. Baba, mashua inarusha."

"Nimefika mlangoni, mnataka nirudi bila kupiga hodi?"

Bi Zuwena angeweza kumkatalia kwa sababu moja tu, na sababu hiyo hakuweza kuitamka. Tukapanda feri.

Njiani Maalim alikaa ameelekeza uso kwenye upepo kama mtoto dirishani. Bi Zuwena akanivuta hadi nyuma, penye kelele za injini.

"Mwende, nisikilize. Kijiji hakipo. Watu walihamishwa wakati wa vita na hawakurudi. Tumemficha miaka yote. Akiuliza, mwambie kipo."

"Madam, atasikia kimya."

"Mwambie wamelala. Jua kali. Sijui, tunga."

"Mimi siwezi kumwambia kisichokuwepo."

"Wewe ni macho yake au mdomo wake?" Akatazama kule alikokaa baba yake. "Unamwona anavyotembea uani. Akijua hakuna pa kwenda, atalala na hataamka tena. Unataka kumuua? Basi. Ukimwambia, tukirudi Dubai panga mzigo wako."

Niliwatazama ndege wa baharini nikawaza karo za watoto wangu wawili, na Nakato na leso yake. Nilikuwa nimechoka. Mtu akichoka hivyo huomba tu jambo lipite bila yeye kuchagua.

Gatini tulipata basi dogo, na dereva wa Kibangladeshi aliyetuambia "yalla, yalla" kana kwamba kisiwa kingeondoka. Akatushusha mahali barabara ilipoingia kijijini. Kutoka hapo Maalim alitaka kwenda kwa miguu, kama zamani.

Sijui niwaeleze vipi. Nyumba zilikuwepo, lakini kama meno katika mdomo wa mtu aliyepigwa. Kuta zimetobolewa, madirisha hayana fremu. Mchanga ulikuwa umeingia kupitia milangoni na kujikalia sebuleni. Upepo ulipita ndani ya vyumba ukitoa sauti nyembamba, na hakukuwa na sauti nyingine.

Maalim akasimama. Pua yake ilifanya kazi.

"Duka la mikate liko wazi?"

"Liko, Baba," Bi Zuwena akasema haraka. "Mwokaji amepumzika tu. Mchana huu."

Maalim akatikisa kichwa polepole. Kisha akageuza uso upande wangu, na vidole vyake kwenye kiwiko changu vikakaza kidogo, vile anavyofanya tukikaribia ngazi.

"Mwende. Nambie mbele kuna nini."

Na mbele, wadogo zangu, kulikuwa na paa. Paa zima la zege, limeanguka likalala njiani, nondo zimetoka ubavuni zikiwa zimeelekea mapajani mwetu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba amri ya madam haikuwezekana, hata kama ningeitaka. Kila kitu nilichopaswa kumwepusha nacho kilikuwa ndicho nilichoambiwa nimfiche. Ama aone, ama aumie.

"Kuna zege, Maalim. Limeanguka. Lina vyuma."

"Zege la nini?"

"La nyumba. Ni paa."

"Khalas, Mwende, basi!" Bi Zuwena akapaza sauti.

"Mwache," Maalim akasema. Hakuinua sauti. "Na saa tisa?"

Kwa saa yetu, saa tisa ni kulia. "Ukuta una matundu."

"Ya panya?"

"Ya risasi."

"Saa tatu?"

"Nadhani ni shule. Ukuta wa mbele haupo. Ubao mweusi unaonekana kutoka barabarani."

Nilisikia Bi Zuwena nyuma yetu akilia bila kujificha. Maalim akasema, "Nipeleke kwenye ubao."

Nikamzungusha paa, taratibu, nikimwambia kila jiwe. Alipofika aliweka kiganja juu ya ubao akakipitisha kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa umetobolewa tobolewa kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Akashuka na mkono hadi kwenye kile kibao chembamba cha kuwekea chaki. Kulikuwa na mchanga. Akauchukua kidogo kwa vidole vitatu, kama anavyoshika chaki mwalimu, akasimama nao. Kisha akauachia.

"Haya," akasema. "Twende kwa Wayunani."

Basi likatupeleka. Mlinzi wa magofu alikuwa amejikunyata kwenye kivuli cha kibanda. Alimwona mzee, akafungua lango la waya bila maswali. Nilitegemea kitu kikubwa, niseme kweli. Kwa jinsi Maalim alivyokuwa akiuzunguka ua nilidhani nitaona jumba. Yalikuwa mawe. Kuta zilizoishia magotini, vyumba vidogo vimechorwa chini, handaki la ngome limejaa vumbi, na bahari pale, karibu, haina habari.

"Nambie," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Huku nako wamebomoa?"

Nikatazama vizuri. "Huku, Maalim, pametulia. Mawe yamepangwa. Saa sita, moja kwa moja, kuna vitako vya nguzo."

"Vingapi?"

"Viwili."

Nilihisi uzito wa mkono wake ukibadilika, kama mtu aliyekuwa amebeba ndoo akaruhusiwa kuitua. Nikamfikisha. Akainama, akakipapasa kitako chake mzunguko mzima, akakaa.

"Zuwena," akaita. "Njoo ukae. Hicho kingine cha mamako."

Bi Zuwena akaja akakaa, viatu vyake vya harusi vimejaa mchanga. Mimi nikasimama, kama ilivyo desturi yangu.

"Mbona mlinificha?"

"Ulikuwa unatembea, Baba." Akavua kiatu kimoja, akamwaga mchanga. "Ulikuwa bado unatembea."

Maalim akachezea mkongojo. "Nilikuwa nawauliza wanafunzi hapa hapa: Wayunani hawa waliondoka kwa nini? Wanakuna vichwa. Mimi ninacheka, nawapa maksi. Hebu nitazame. Nilidhani watu kuondoka kwao ni swali la mtihani."

Kwenye feri ya kurudi alikaa ameupa upepo mgongo.

Na ikawa kama binti yake alivyohofia. Tuliporudi Al Twar Maalim alilala, uso ukutani. Uji ulipoa, hata kugombwa haukugombwa. Alasiri ikaja na kupita, na kesho yake nyingine, na mkongojo umeegemea mlango. Bi Zuwena hakunitukana. Aliniambia tu, kwa sauti ya mtu asiyelala, "Panga vitu vyako, Mwende. Nitazungumza na ofisi." Nikapanga. Nguo zangu zilikuwa chache kuliko nilivyodhani. Nakato hakuniambia kwamba mtu huweza kufuata kanuni hadi mwisho, na mwisho wenyewe ukawa begi kitandani na mzee asiyeamka. Sikujuta, lakini kutojuta hakupumzishi.

Alasiri moja nilikuwa nakunja shuka la mwisho nikasikia mkongojo. Tok. Kimya. Tok. Nikatoka mbio. Maalim alikuwa kwenye mlango wa uani, kanzu imekaa upande, ndevu hazijachanwa.

"Mwende hapa, Maalim," nikajitaja.

"Najua. Kiwiko kiko wapi?"

Nikampa. Tukaanza kutoka kwenye bomba. Alikwenda polepole kuliko zamani, akipumua kwa mdomo. Kwenye tangi akasimama, akanyoosha mkono, akapapasa bati kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hapa hapana ukuta wa mbele," akasema. "Ubao unaonekana kutoka njiani."

"Ndiyo, Maalim."

Tukaendelea. Tulipokaribia kamba ya nguo vidole vyake vikakaza. Hakuvuta hewa, hakumsalimia mtu.

"Pita kulia," akasema. "Paa limelala."

Mbele yetu kulikuwa na vigae vitupu na kivuli cha shati. Nikapita kulia. Nikampitisha mbali, nafasi ya nondo nayo nikaihesabia, na yeye akainua upindo wa kanzu usinaswe. Tulipolimaliza paa akaachia kanzu, tukashika njia ya kwenda kwenye viti viwili.

Bi Zuwena alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia ya chai. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Baba yake alipokaa, akashuka ngazi kutuletea. Njia fupi kwake ilikuwa kukata katikati ya ua, chini ya kamba. Alifika hapo akasimama, vikombe vikigongana kidogo, akavitazama vile vigae.

Akazunguka.